Maji ya Chini Ndiyo Yenye Safari Ndefu

Kasansa,
Jumanne, 3 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko uliko umeitika, basi na mimi nimepokea. Habari za Mpanda, habari za masomo, habari za shangazi yako Josephina na vijana wake hapo Ilembo, na lile goti lake je, limepungua kuuma? Sisi huku hatujambo kwa neema. Baba yako hajambo, mguu wake ndiyo ule ule, asubuhi anauburuza, jioni anasema hauumi. Bibi yako Tereza hajambo, anasema usikonde. Kaka yako Gideon hajambo, mpunga wake ameshauingiza ndani. Wifi yako Lidia hajambo, tumbo limekuwa kubwa, tunategemea mwezi wa kumi. Mjomba wako Salvatori hajambo, bado ni yule yule wa maneno mengi. Jirani yetu Ng'washi na ng'ombe wake hawajambo. Kuku hawajambo. Kwenye mbuzi ndiyo sitaweza kukudanganya.

Mbuzi jike wa bibi yako, yule mweupe mwenye sikio lililokatika, ametumbukia kisimani. Mfuniko ulikuwa umeliwa na mchwa, nimesema tangu Pasaka, lakini mimi nikisema ni kama redio, watu wananisikiliza huku wanafanya mambo yao. Tulikuja kumgundua kwa harufu. Gideon amejaribu kumnasa kwa ndoano, ikarudi na manyoya tu, mwenyewe ameshazama. Sasa maji yale hayanyweki, hata kuogea yanatia kinyaa. Lidia na tumbo lake anakwenda kuchota kwenye lambo la ng'ombe, anarudi ameshika kiuno. Naogopa yale maji kwa mtu mwenye mimba, naogopa na ule mteremko.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mnara wa simu umekufa tangu siku ya ule upepo, mtandao hakuna hata upande juu ya mti. Barua za kijiji kizima anabeba Sixte, kondakta wa basi. Anaziweka ndani ya kofia yake, kwa hiyo ukiona hii ina jasho ujue siyo langu.

Baba yako anataka maji yote yatolewe mpaka chini, mbuzi aondoke, kisima kipigwe chokaa. Mjomba wako atatoa mashine yake ya petroli, ile ndogo anayomwagilia nyanya. Sasa baba yako anaogopa, ikielemewa ikaungua Salvatori atamsema mpaka kaburini. Ndiyo akaniambia, "Si una mtoto anasomea maji? Muulize." Amepima kwa tepu ya fundi. Kutoka mdomoni mpaka chini ni mita kumi na mbili. Maji yenyewe yamesimama mita nne. Upana mita moja na sentimita ishirini. Je, mashine itaweza au itaelemewa?

Usikawie kujibu mama, maana kila siku unayokawia Lidia yupo lamboni.

Mama yako,
Theopista


Ilembo, Mpanda,
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Shikamoo baba, shikamoo bibi, shikamoo mjomba. Gideon habari za mavuno, Lidia pole na mteremko. Bibi mpe pole ya mbuzi wake. Shangazi anasema goti limetulia, ila likitajwa linaanza upya, kwa hiyo usilitaje.

Swali la baba limenifanya nicheke peke yangu chumbani. Ndilo lile lile la kwenye kalkulasi, hesabu iliyonishinda muhula uliopita nikapewa mtihani wa marudio. Ngoja nikueleze kama nilivyomweleza shangazi.

Kazi ya kuyatoa maji unaipata kwa kuchukua uzito wake ukazidisha na safari yake ya kupanda. Shida ni kwamba maji ya kisimani hayana safari moja. Ya juu yanapanda mita nane tu. Ya chini kabisa, pale alipolala mbuzi, yanapanda mita zote kumi na mbili. Sasa utatumia safari ipi? Kalkulasi inakwambia uyakate maji kwa mawazo, vipande vyembamba vya mviringo, kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti. Kila chapati ina uzito ule ule, lakini kila moja ina safari yake. Unapiga hesabu ya chapati moja moja, unajumlisha zote, na unazidi kuzifanya nyembamba mpaka kosa linakosa mahali pa kujificha. Jumla niliyopata ni jouli laki nne na elfu arobaini na tatu hivi. Jina lisikutishe, mama. Ni kama mtu kuvuta kwa mikono ndoo kubwa za lita ishirini zaidi ya mia mbili, kutoka kina cha mita kumi.

Mashine ya mjomba naikumbuka, ni hospawa tatu. Hata nikitoa nguvu zote zinazopotea njiani, kazi hiyo itaimaliza kabla maharage hayajachemka. Mwambie baba asiogope. Inaweza, na inabaki. Maji ya chini ndiyo yenye safari ndefu, kwa hiyo mwishoni yatatoka kidogo kidogo, msije mkadhani imechoka.

Mtihani wangu ni Jumatatu ya tarehe 16. Nikianguka, narudia mwaka. Niombeeni.

Mwanao,
Resti


Kasansa,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mwanangu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Shangazi yako hajambo? Goti silitaji. Huku baba yako hajambo ila amenuna, bibi yako hajambo, Gideon na Lidia hawajambo, Ng'washi anakusalimia, mjomba wako hajambo kupita kiasi.

Barua yako Gideon aliisoma kwa sauti sote tumekaa. Alipofika kwenye chapati bibi yako akasema, "Huyo mtoto hawampi chakula huko." Lakini baba yako alifurahi, mwanangu. Aliikunja akaitia mfukoni, kila anayepita anamtolea. "Inaweza, na inabaki. Kaandika mwenyewe."

Jumatatu wakaifunga mashine pale mdomoni mwa kisima, mpira ukashushwa mpaka majini, ikawashwa. Ilinguruma mpaka kuku wakahamia kwa Ng'washi. Maji, hata tone. Wakaujaza mpira maji, wakafunga kila kiungo kwa mpira wa baiskeli, hata tone. Mjomba wako akasema mbele ya watu, "Mrudishieni mhandisi chapati zake, kisima kimekataa kula." Watu wakacheka. Baba yako akaitoa barua mfukoni, akaenda kuiweka ndani ya Biblia.

Sasa Salvatori anasema dawa anaijua, ameiona machimboni. Eti mashine iko mbali na maji, inatakiwa isogezwe. Jana wamefunga kichanja cha magogo humo humo ndani ya kisima, juu kidogo ya maji. Mashine itakaa hapo. Jumamosi asubuhi Gideon anashuka kuiwasha na kuisimamia, kwa sababu mguu wa baba yako hauwezi ngazi. Hewa baba yako ameshaipima, kama alivyokuwa akipima enzi zile anachimbia watu visima. Amelishusha koroboi kwa kamba mpaka karibu na maji, halikuzimika, hata halikufifia. Anasema penye koroboi linalowaka na mtu anaishi.

Alinikataza kukuandikia, amesema mtoto ana mtihani, mwacheni. Nimeandika hivyo hivyo. Moyo hautulii na sina sababu ya kuwaonyesha. Nimewaambia Gideon hashuki bila kamba kifuani, na ncha yake iwe mikononi mwa watu huku juu. Wamenicheka. Salvatori ameniuliza, "Dada, unafunga mwana au ndama?" Nimemjibu hata kama ni ndama, atafungwa.

Naomba neno lako kabla ya Jumamosi. Hata mawili tu yanatosha.

Mama yako,
Theopista


Mpanda, stendi,
Ijumaa, 13 Septemba 2024, alasiri

Mama,

Asishuke mtu kisimani. Kama Gideon ameshashuka, mvuteni sasa hivi, na aliye juu asimfuate.

Mashine ya petroli inatoa moshi, na ndani ya ule moshi kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huku juu upepo unaichukua. Kisimani haina pa kwenda, inajaa kama maji yanavyojaa. Mtu anasikia usingizi tu, miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, anaangukia juu yake. Mwambie baba koroboi haliijui sumu hii. Koroboi linazimika hewa ya kupumua ikiisha. Hii inamuua mtu huku koroboi linawaka.

Mimi nilipiga hesabu ya nguvu, sikuuliza mashine itakaa wapi. Ikikaa juu haiyavuti maji. Inaondoa hewa ndani ya mpira, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande, na hewa kwa mashine kama ile inaishia mita saba, ikijitahidi sana nane. Zile jouli zote haziongezi hata shibiri. Toeni maji kwa ndoo na kapi, watu wapokezane wakiwa juu.

Basi la leo limeondoka na kesho haliji huko. Hii nampa dereva wa lori anayekwenda kupakia mpunga, anasema atafika alfajiri. Kwenye lori hamna nafasi, nimemsihi mpaka nimechoka. Mimi nitapanda basi la Jumapili. Mtihani ukae.

Resti


Kasansa,
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Restituta,

Barua imefika. Usije. Jumapili usipande basi, kaa ufanye mtihani wako. Kisima tumekifunga. Gideon yupo, kichwa kinamuuma. Baba yako anasema asante.

Dereva ananisubiri, naishia hapa.

Mama


Ilembo, Mpanda,
Jumanne, 17 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo baba, shikamoo bibi, shikamoo mjomba. Gideon, nakusalimia. Lidia, nakusalimia.

Dereva alinikuta stendi Jumapili, begi liko begani. Niliisoma barua yako nimesimama, nikairudia, nikairudia, basi likaniacha. Basi nimefanya mtihani. Sijui nimefanya nini. Swali la mwisho lilikuwa la mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani kwa kamba nzito. Linakutaka ukumbuke kwamba ndoo ikizidi kupanda, kamba iliyobaki ndani inazidi kuwa fupi, kwa hiyo mzigo unapungua kila mita. Nilipolifikia niliomba ruhusa nikatoka nje kunawa uso.

Mama, mimi nakujua. Wewe hata ukiandika kuomba chumvi unasalimia kwanza mpaka kuku. Ile barua haikuwa na salamu hata moja. Hukumtaja bibi. Hukumtaja Lidia. Gideon umeandika "yupo", hukuandika hajambo. Nimempa shangazi asome. Amesoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna mengine, akasema, "Huyu ni Theopista kweli?"

Niambie. Mtihani umepita, hakuna tena cha kunifichia.

Mwanao,
Resti


Kasansa,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Nianze na salamu maana naona unazihesabu. Msalimie shangazi yako, mwambie ndiye Theopista. Bibi yako Tereza hajambo, rozari haimtoki mkononi. Lidia hajambo, mtoto anacheza tumboni. Ng'washi hajambo, ametupa maziwa wiki nzima na hataki asante. Mjomba wako Salvatori hajambo, ila maneno yamemwisha. Kila asubuhi anakuja na dumu la maji begani ili Lidia asiende lamboni, analitua, anaondoka. Baba yako anakula nikimlazimisha. Gideon nimemweka mwisho kwa sababu sijajua neno la kumwekea.

Nilikuficha, ni kweli. Ningekwambia ungeacha mtihani, na mimi ningekuwa na watoto wawili kisimani.

Lori lilipasua gurudumu njiani, likafika jua limeshapanda. Mimi namkorogea Lidia uji, na mashine naisikia inanguruma kule chini, mlio kama wa mtu anayekoroma ndani ya mtungi. Dereva akanipa karatasi. Unajua mimi nasoma kwa kidole, neno kwa neno. Kifo hakiwezi kunisubiri nimalize ukurasa. Lakini nilipofungua sikuona Tumsifu, sikuona shikamoo. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia bila shikamoo. Nikajua kuna mtu anakufa. Mstari wa kwanza nimeusoma nakimbia, uji nimeuacha motoni. Nikawa napiga kelele, vuteni kamba nyie, vuteni.

Salvatori akaniambia, "Subiri dada, tazama, maji si hayo yanakuja." Na kweli yalikuwa yanatoka, meusi, yananuka, watu wamefurahi. Nikamwita Gideon. Hakuitika. Baba yako akachungulia pale alipoling'iniza koroboi lake kwa kamba, akasema, "Mbona koroboi linawaka." Akamwita naye. Halafu nikaona anaingiza mguu kwenye ngazi, ule ule mbovu, ashuke.

Nilimshika shati. Tangu anioe sijawahi kumshika baba yako kwa nguvu. Akanisukuma, nikang'ang'ania, kifungo kikakatika. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwambia, "Ponsian, mwanao kaandika asishuke mtu." Akaitazama ile karatasi. Sijui kama aliisoma. Alitoa mguu, akashika kamba.

Tulivuta wanne, mjomba wako, Ng'washi, baba yako na mimi. Wewe unasema kamba ikipanda mzigo unapungua. Sitabishana na chuo. Kwetu haukupungua, mwanangu. Kila alivyosogea ndivyo alivyozidi kuwa mzito, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwona, kichwa kimelala begani, mikono inaning'inia kama ya shati lililoanikwa. Alipofika mdomoni nilisema siwezi tena, na mikono ikaendelea yenyewe. Na chini kule koroboi bado linawaka, limetulia, kama la mtu anayesoma.

Kituo cha afya walimwekea hewa ya mtungi. Jioni akafumbua macho. Ile barua niliyokupa na dereva niliiandikia pale mlangoni kabla hajafumbua, ndiyo maana salamu zilinishinda. Ningemsalimia nani, na ningesema hajambo nani.

Sasa hivi anatembea. Anakula. Anamjua Lidia, ananijua. Lakini kila asubuhi anakuja jikoni, anaegemea mlango, ananiuliza, "Mama, mbuzi ameshatoka?" Namwambia bado. Ananiambia, "Basi usijali, Jumamosi nitashuka." Kesho yake hivyo hivyo. Siku za kwanza Lidia alikuwa anakimbilia nyuma ya nyumba kulia. Siku hizi anamjibu, "Sawa Gideon, mimi nitakushikia kamba." Anatosheka, anakwenda kukaa juani.

Baba yako hajalitupa koroboi. Mchana analiweka mbele yake, anakaa nalo. Nimemuuliza analitafutia nini. Akaniambia, "Miaka yote hiyo nimeshuka kwa kuliamini." Barua yako ya chapati bado iko ndani ya Biblia. Hii ya pili ndiyo anatembea nayo mfukoni, na hamtolei mtu.

Mbuzi bado yuko kule chini, na mashine iko juu yake, mjomba wako hajaiulizia. Tumepanga magogo juu ya kisima na miiba juu ya magogo, kwa ajili ya Gideon.

Alhamisi tunamleta hospitali huko Mpanda. Zungumza na shangazi yako atuwekee mahali pa kulala, mimi na Gideon. Na uwaulize walimu wako, au mtu yeyote anayeijua hiyo hewa, kama ikishaingia kichwani mwa mtu, akili inarudi au hairudi. Usinieleze kwa chapati. Nataka neno moja tu, na nalitaka kabla sijapanda naye basi, ili nijue uso wa kumwonyesha Lidia tukiaga. Mpe Sixte barua Jumatano asubuhi, usiache ikapita.

Ila usiandike kama ile. Hata kama neno lenyewe ni baya, anza na shikamoo, taja watu wote wa hapo, kawia kawia kidogo, ili nitakapolifikia niwe nimeshakaa chini.

Mama yako,
Theopista